Sindano ya Mama Mkwe

Kitengo chetu cha afya ya akili kilikuwa chumba kimoja mwisho wa korido, kati ya chumba cha meno na choo cha wagonjwa, na kwa miaka kadhaa kilikuwa na wauguzi wawili tu: mimi na kaka mmoja Mkurya, mzaliwa wa Tarime hapa hapa. Mimi ni mtu wa Tukuyu. Serikali ilinipanga Tarime nikiwa hata Mwanza sijawahi kuiona, na nilipofika nililia siku kadhaa, upepo unaniliza, ugali wa muhogo unaniliza, kila kitu kinaniliza. Yule kaka ndiye aliyenipokea. Aliniambia nisiogope watu wanaoongea kwa sauti ya juu, kwamba Mkurya akikusalimia unaweza kudhani anakufukuza, ila akinyamaza kabisa ndipo utafute mlango.

Tulitaniana kutwa. Yeye aliniita mla ndizi, mimi nikamwita mura, neno la huku la kumwita kijana wa kiume, ingawa alikuwa amenizidi umri na mvi zilishaanza kumwota masikioni. Wagonjwa walimwita daktari. Hakuwa daktari, alikuwa muuguzi kama mimi, lakini nani angewabishia? Mgonjwa aliyeletwa amefungwa kamba, ndugu zake wote wamesimama mbali, yeye alikwenda akakaa naye chini sakafuni akamwuliza habari za ng'ombe. Wanazaa? Yule dume mwekundu bado yupo? Kamba ilifunguliwa wakiwa bado kwenye ng'ombe. Na mkono wake wa sindano ulikuwa mwepesi mno. Nilikuwa nakaa pale bila mtu, nimeshika bomba langu la sindano, foleni yote inasema inamsubiri daktari. Niliona wivu, nisidanganye.

Mgonjwa mmoja tu hakumgusa, naye ni mama mkwe wake.

Yule mama alikuwa akiugua na kupona, akiugua na kupona, tangu binti yake akiwa mdogo. Huyo binti, ambaye ndiye mke wa kaka, alipochoka kwenda na kurudi kwao Machochwe alimhamishia mama yake Turwa, hapa hapa mjini Tarime, akampangia chumba nyuma ya nyumba yao ili awe karibu na sisi. Dawa yake ilikuwa sindano ya mafuta ya kila mwezi, nzito, inayochomwa kwenye kalio. Sasa huku mkwe na mama mkwe hawaketi chumba kimoja. Hawali pamoja, mkwe haingii mama anapolala, wakikutana njiani mmoja anapisha. Sikushangaa hata kidogo. Kwetu Rungwe mama yangu mzazi alikuwa akimwona baba mkwe wake anakuja anaingia kwenye migomba na mtoto mgongoni na ndoo kichwani, anajibanza mpaka mzee apite. Hiyo ni heshima, na mtu aliyekulia ndani yake haioni kama mzigo.

Kwa hiyo sindano ya mama ilikuwa ya kwangu. Kaka alinisindikiza mpaka kwenye ua wa minyaa, akabaki huko nje anaongea na mafundi baiskeli kwa sauti ya makusudi ili mama asikie kwamba yupo mbali. Na bado mama kabla hajalegeza kanga yake aliniuliza kila mwezi kama mkwe wake hayupo karibu. Nilimwambia hayupo. Ndipo alipolala ubavu. Tukimaliza alinipa karanga za kukaanga, akaniita mwanangu, akaniuliza nitaolewa lini na kwa nini nimekonda.

Wakati huo dhahabu ilikuwa imepanda bei na watu walikuwa wamechanganyikiwa, nasema hivyo nikiwa najua maana ya neno hilo. Ikisikika mahali fulani mtu ameokota, siku hiyo hiyo pana turubai, pana mama ntilie, pana mashimo. Wenyewe waliita rashi. Rashi ikihama, mji mzima unahama nayo, yanabaki mashimo na chupa. Walimu walikwenda. Madereva wa bodaboda walikwenda, ukakosa hata wa kukupeleka sokoni. Mwimbaji bora wa kwaya yetu alikwenda, na Jumapili ile tuliimba kama tunaomboleza.

Na wagonjwa wetu nao walikwenda na wakati. Zamani sauti walizosikia ziliwaambia mambo ya wachawi, ya polisi, ya majirani. Sasa sauti zote zikawa zinaonyesha dhahabu. Ipo chini ya kitanda, ipo kwenye kaburi la babu, ipo uani kwa mchungaji. Hilo tungelimudu. Tatizo ni kwamba wazima walianza kuwasikiliza. Ilienea machimboni kwamba mtu mwenye ugonjwa wa akili anaona chini ya ardhi, na kwamba ukimlisha vizuri na ukamfuata anakotembea utachimba usijute. Sisi tunahangaika kuzizima zile sauti, wenzetu wanalipa nauli kuja kuziulizia! Kaka alimfukuza mtu mmoja pale kwenye korido, alikuwa amekuja kumwazima kijana wetu mmoja kama watu wanavyoazima jembe.

Ndipo ikaja korona. Shule zilifungwa, ndoo za kunawia zikawekwa kila mlango, mafundi cherehani wakashona barakoa za vitenge, na mji mzima ukanuka tangawizi na majani ya mchaichai. Pale Sirari mpaka wa Kenya ulibana. Malori yalipita, watu hawakupita, na watu wa Tarime nusu ya ukoo uko ng'ambo. Mke wa kaka alikuwa mfanyabiashara wa mitumba. Alikuwa amekwenda Migori kufuata mzigo na kumwona dada yake, akakwama huko huko. Mwanzoni tulicheka. Kaka alisema sasa anajipikia, amepata likizo ya kula maharage yasiyo na chumvi.

Kambi ya kutenga wagonjwa iliwekwa kwenye shule moja ya bweni, na wengi wa kwanza walikuwa madereva wa malori. Wakahitajika wauguzi. Matroni aliniita akaniambia nimechaguliwa, eti sisi wa akili tunajua kuongea na watu wenye hofu, na isitoshe hatuna kazi nyingi. Nilimjibu jibu ambalo sitaliandika hapa. Lakini nilikwenda. Kaka aliomba aende yeye badala yangu, wakakataa kwa sababu alikuwa na kisukari.

Sitasema mengi ya kambini. Nilivaa gauni la nailoni, miwani, barakoa juu ya barakoa, nikilivua nimelowa chapachapa. Niliongea na watu kupitia dirishani. Dereva mmoja, mtu mzima mwenye wajukuu, alinililia kwamba hajui mkewe ataambiwa nini. Mwingine alipanda ukuta. Ukitoka zamu hutoki, unalala hapo hapo, na muda wako ukiisha unatengwa tena kwanza ndipo uruhusiwe kwenda kwenu. Mwenye nyumba wangu alinipigia akasema vitu vyangu ameviweka kibarazani, si kwa ubaya. Sisi ndio tuliopelekwa kutuliza wengine, na kwa muda wote ule hakuna bosi hata mmoja aliyepiga simu kuuliza sisi tunalalaje. Nilikuwa silali. Nilijikaza kisabuni, nikawa nasikia moyo unapiga masikioni mpaka jogoo wanawika.

Na kule kitengoni kaka amebaki peke yake. Wagonjwa waliongezeka, maana hofu ile iliwagusa hata waliokuwa wamepona miaka. Alinipigia karibu kila jioni. Tulianza kwa utani, mla ndizi bado unapumua, mura bado una akili, kisha utani ukawa mfupi, kisha akawa anapiga tunabaki tunasikilizana pumzi. Siku moja aliniambia tarehe ya mama imepita.

Nilijua mara moja maana yake. Nikamwambia atafute muuguzi mwanamke yeyote, kuchoma sindano si elimu ya angani. Alikuwa ameshatafuta. Mama alikuwa ana kikohozi, kile kile chake cha kila masika, lakini mwaka ule kikohozi kilitosha kukufanya uonekane maiti. Muuguzi mmoja alikataa wazi. Mwingine aliahidi kesho, na kesho yake akaahidi kesho. Wa tatu alifika mpaka mlangoni, mama akakohoa, sista akala kona. Siwalaumu sana. Walikuwa na watoto nyumbani na barakoa moja ya kufua kila usiku.

Siku zikasogea, mama akaanza. Kwanza aliacha kulala. Kisha akachimba sakafu ya chumba chake kwa sufuria. Kisha akawa anazunguka Turwa nzima kifua wazi, anawaonyesha watu kwa mguu mahali dhahabu ilipo. Na wale vijana wa machimboni wakasikia. Walikuja na pikipiki, wakamletea soda na mkate, wakamwita bibi kwa heshima kubwa. Kaka aliwafukuza. Wakarudi akiwa kazini. Majirani walimwambia wanasubiri kikohozi kipungue kidogo wamchukue, wana shimo lao limegoma kutoa.

Nilimwambia natoroka. Nilikuwa nimeshaliangalia lile dirisha la nyuma ya bweni, naruka, naenda Turwa, nachoma, narudi, dakika chache tu. Nilikuwa namaanisha. Akanikatalia, na sauti yake ilikuwa imechoka kuliko nilivyowahi kuisikia.

“Ukimletea huo ugonjwa akafa, nitakuwa nimemuua mara mbili,” alisema. “Kaa huko, dada.”

Alimpigia mkewe Migori. Mke alilia, hakusema mchome, hakusema usimchome. Angesema nini? Huyu mama yake, huyu mume wake. Kaka alimpigia matroni aombe nitolewe au atolewe yeyote, matroni akasema orodha imeshapangwa. Mpaka leo nikimwona yule matroni, ameshastaafu sasa, anauza vitenge, namwamkia shikamoo kwa sababu nimelelewa, lakini roho inakataa.

Basi akamchoma mwenyewe.

Alinisimulia mara moja tu, baadaye, akiwa ameangalia ukuta. Aliwaomba wanawake wawili wa jirani wamshike mama. Walikubali kwa sababu walikuwa wamechoka kuona vijana wa pikipiki getini kwao. Aliwaambia wamlaze, wamfunike shuka mwili mzima na kichwa, waache nafasi ndogo tu ya kuchomea. Yeye alivaa barakoa, kofia ya upasuaji, miwani ya kinga iliyokuwa kabatini kitengoni, na koti refu. Alijiambia kwamba wakati huu watu wote wamejifunika nyuso, mama ataona mtu wa hospitali kama mtu mwingine wa hospitali. Hatatoa sauti. Ataingia, atachoma, atatoka. Aliingia kile chumba ambacho hajawahi kukikanyaga, na hakuangalia chochote ila ile nafasi. Aliisukuma dawa taratibu kama inavyotakiwa, akachomoa, akabana na pamba. Mama alikuwa ametulia kabisa chini ya shuka. Ndipo akasema, kwa sauti yake ya kawaida, ile ya kunikaribisha karanga:

“Mkwe wangu. Hata wewe?”

Wale wanawake wawili walisikia. Kaka alitoka na pamba bado mkononi.

Dawa ilifanya kazi, ndiyo hivyo. Ile ni dawa nzuri. Taratibu mama akaanza kulala, akaacha kuchimba, akavaa nguo zake. Vijana walikuja wakamkuta anachambua mchicha, wakamwuliza dhahabu iko wapi, akawauliza wao ni watoto wa nani na kwa nini hawako shambani. Hawakurudi. Kwa vitabu vyetu vya kazi ile ilikuwa huduma iliyofanikiwa, na ningekuwa msimamizi ningeandika hivyo.

Lakini akili ilipomrudia ilimrudia yote. Kumbe alikuwa anakumbuka. Na wanawake wale, ambao sidhani walikuwa na nia mbaya, walikuwa wameshasimulia kisimani na kanisani. Kaka mkubwa wa mkewe alitoka Machochwe na wazee wawili kuja kusafisha jambo. Kaka yetu wa kitengoni hakubishana. Hakuwaeleza korona wala zamu wala matroni, ambayo mimi ningeeleza kwa kelele mpaka wanyamaze. Mbuzi alichinjwa, wazee wakasema maneno yao, wakawaambia pande zote kwamba limekwisha na lisitajwe tena. Nao wazee walikuwa waungwana, mmoja wao alimwambia kaka kwamba hata yeye angefanya vile vile. Kwa wazee lilikwisha kweli.

Mimi nilipotoka kambini, kabla sijatafuta hata pa kulala, nilikwenda Turwa. Nilimkuta mama anafunga vitu vyake kwenye shuka. Alinawa mikono kwenye ndoo, akanipa kiti mbali kama tulivyokuwa tunafanya siku zile, na alikuwa mzima kabisa, mzima kuliko mimi. Nilimwomba asiende, kule Machochwe nani atamchoma. Nikamwambia mkwe wake alifanya vile kwa kumpenda, vijana wangemchukua, wangemwua kwenye mashimo. Akasema anajua.

“Nilipokuwa mgonjwa sikuwa na aibu,” akaniambia. “Mmeniponya, nimeipata. Sasa niende nayo wapi, mwanangu?”

Nina cheti cha ushauri nasaha. Nimefundisha semina. Niliinuka kwenye kile kiti nikamsaidia kukaza fundo la shuka.

Nilirudi kitengoni nikamkuta kaka amekonda, shati linaning'inia. Alifanya kazi kama kawaida kwa siku chache. Kisha akaletwa mama mmoja wa Busawe, mtu mzima mwenye kilemba, akalala ubavu tayari kwa sindano, na nikaona mkono wa kaka unagoma. Alisimama na lile bomba mpaka yule mama akageuka kuangalia kulikoni. Nikalichukua bomba nikachoma mimi. Toka siku hiyo hakuchoma tena mwanamke, baadaye hakuchoma mtu yeyote. Akawa anagawa vidonge dirishani, kisha akaomba mwenyewe kuhamishiwa stoo ya dawa, ahesabu maboksi. Mtu ambaye angemfungua kichaa kamba kwa habari za ng'ombe, wakamweka stoo na mapanya.

Na mimi na yeye, ambao kutwa tuliwauliza watu unalala, unakula, unajisikiaje, hatukuulizana. Tulijua maswali yote na majibu yake, ndiyo shida. Ningemwuliza analala, angejua namkagua. Alinipitia asubuhi akasema habari za leo, nikasema nzuri, na utani wa ndizi ukafa wenyewe bila mtu kuutangazia kifo. Hilo linaniuma hadi sasa, na sijui nani angeweza kulizuia.

Mpaka wa Sirari ulipolegea mkewe alirudi. Hawakugombana, wala hakumlaumu mbele za watu. Alikwenda Machochwe kumbembeleza mama yake arudi, akakataliwa. Alipeleka muuguzi wa zahanati ya karibu, mama akamfungia mlango. Miezi ikapita bila sindano. Hatimaye mkewe alinifuata nyumbani, akasema mama anamsikiliza mtu mmoja tu duniani naye ni mimi, niende. Machochwe ni wilaya ya Serengeti, si eneo letu. Nilikwenda siku yangu ya mapumziko, na sindano kwenye pochi pamoja na mswaki, kwa sababu huko unakwenda leo unarudi kesho.

Nilifikia kwa yule kaka mkubwa wa mkewe. Nikamwuliza mama yuko wapi. Akaangalia chini akasema yupo na vijana, kwamba wanamtunza vizuri, kwamba amenenepa. Nilivimba. Aliyekwenda mpaka Turwa na wazee kwa sababu mama yake ameguswa na bomba la sindano, huyo huyo amewaachia wachimbaji mama yake mgonjwa! Nilimwambia hivyo, kwa maneno hayo hayo, mbele ya mkewe. Akanijibu polepole kwamba mama alikataa kukaa nyumbani kwa aibu, akachagua mashimo, na yeye angemfunga kamba? Nikaomba nionyeshwe njia.

Rashi ilikuwa kwenye mashamba ya mtama kuelekea upande wa hifadhi. Maturubai, karasha zinasaga mawe, vumbi jeupe kwenye nyusi za watu. Nilimwona kwa mbali. Walikuwa wamemwekea kiti cha plastiki chini ya mwavuli wa kampuni ya soda, amevaa kanga mpya, ana viatu. Alikuwa anaongea kwa furaha, anaonyesha kwa mguu, na vijana wanacheka naye, si kwamba wanamcheka. Alinyanyua uso akaniona. Hakunijua. Alinikaribisha karanga.

Nilikaa. Nilikula zile karanga. Alinisimulia habari za dhahabu inayotembea chini kama siafu, na macho yake yalikuwa meupe, bila ile aibu niliyoiona humo siku ile Turwa. Nilikuwa na pochi mapajani. Wanawake wa kuwapikia walikuwepo, ningewaomba wamshike, nao wangekubali, walikuwa wanamwonea huruma. Basi nikasogea pembeni nikampigia kaka kule Tarime. Yeye alikuwa mkubwa wangu wa kazi, na kila jambo la mgonjwa huyu nilimwuliza yeye.

Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama mama anakula. Nikasema anakula.

“Anacheka?”

“Anacheka.”

Nikasikia mtu anamwita huko stoo, hakuitika.

“Basi mwache acheke leo, dada. Utamchoma kesho asubuhi. Siku moja kwenye ile dawa si kitu.”

Na ni kweli, si kitu. Ile sindano ni ya mafuta, inatembea mwilini polepole, mgonjwa aliyekosa miezi hapungukiwi na chochote kwa siku moja. Mtu asiyejua kazi angemkamata mama pale pale kwa hofu. Sisi tuliijua dawa yetu vizuri, tukajiruhusu. Nilirudi nikamuaga, nikamwambia nitakuja kesho. Akasema nije na mume wangu, akaangua kicheko kwa sababu alikuwa ameshanioza huko anakokujua yeye.

Asubuhi niliwahi. Nilimchukua na mke wa yule kaka mkubwa anisaidie kushika. Tulipotokeza kwenye mtama sikusikia karasha. Maturubai hayakuwepo. Palikuwa na mashimo, na majivu, na mama ntilie mmoja anafunga sufuria zake kwenye baiskeli, akatuambia kwamba habari ziliingia alfajiri, rashi imehama. Wengine wameshika njia ya Kenya, wengine wamesema Geita. Bibi wamempakia kwenye lori la mbele kabisa, yeye ndiye anayewaonyesha. Nikamwuliza lori lilielekea wapi. Akasema malori yalikuwa mengi.

Tulizunguka siku ile nzima kwa pikipiki. Nimezunguka tena baada ya hapo, na binti yake amekwenda Migori, amekwenda Geita, ana picha ya mama kwenye simu anaionyesha kila penye mashimo. Hakuna aliyemwona, au kila mtu amemwona.

Jioni ya siku ile ya kwanza kaka alinipigia kutoka Tarime. Nilikuwa nimekaa kwenye jiwe nje ya nyumba ya shemeji yake, pochi bado mapajani. Aliniuliza kama nimemchoma. Nikamwambia sikumkuta, rashi imehama, wamekwenda naye. Nilingoja anifokee. Akasema sawa, akanishukuru kwa kwenda.